Kopo la Mlima

Jumapili, 6 Agosti 2017

Wamemchagua! Gaëlle wangu! Darasa zima la upishi, wameitwa wanne tu, na wa kwanza kutajwa ni yeye. Kama walifuata alfabeti sijui. Sikuuliza na sitauliza.

Nimetoka kanisani sasa hivi. Nimewaambia wote. Mchungaji nilimwambia kabla ya ibada, nikamwambia tena baada ya ibada, maana mara ya kwanza alikuwa anatafuta waya wa maikrofoni na nadhani hakunisikia vizuri.

Mambo yenyewe ni haya. Hoteli moja kubwa ya Rosebank, kule mitaa ya matajiri, inachukua mwanafunzi kutoka chuo chao. Mwaka mzima jikoni, na anayefanya vizuri wanambakiza. Lakini ni mmoja! Wale watatu wengine wataambiwa asanteni. Gaëlle akikosa atarudi Jeppestown kusuka nywele, kama mwaka juzi, asubuhi mpaka jioni amesimama, vidole vimevimba hata kushika kijiko anashindwa. Sitaki kuviona tena vile vidole.

Na mtihani si kupika. Ndiyo ajabu yake. Kila mmoja wao anaandika chakula cha kwao kwenye karatasi, halafu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kukiona hicho chakula anakipika kwa kusoma tu. Mwenye karatasi anasimama pembeni, mikono nyuma, mdomo kimya. Kikitoka vizuri, karatasi ni nzuri. Kikiharibika — basi, mwenye karatasi ndiye aliyeanguka.

Na mtoto wangu amechagua nini? Mandazi! Mandazi ya mama yake! Angeweza kuchukua sombe, majani yetu ya muhogo, angeweza kuchukua samaki. Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Spéciose amesikia. Huyu ni jirani yangu, Mrundi, fundi wa kushona, chumba chake na changu vinatumia jiko moja. Kanipa hongera, halafu kauliza: kwa hiyo mandazi yako yanaenda hotelini na wewe unabaki hapa Bellevue? Hongera za Spéciose lazima uzitafune polepole, zina miiba.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimeuza yote kabla mafundi wa Jeppestown hawajafungua karakana. Baridi kali, vumbi, lakini mandazi yameisha.

Jioni Gaëlle alikaa na kalamu akaanza kunihoji kama polisi. Unga kiasi gani? Makopo manne. Kopo gani? Nikamwonyesha kopo langu, lile la samaki wa tin fish. Nimelikata mdomo vizuri na kulipiga nyundo ukingoni lisikwaruze mtu. Sukari? Kopo moja. Mayai matatu. Chachu pakiti moja. Chumvi kijiko. Kungumanga kidogo. Kidogo kiasi gani, Mama? Kidogo cha kutosha. Maji? Mpaka unga uitike.

Hapo akaweka kalamu chini.

"Mama, unga unaitika vipi?"

Nikamweleza. Ukiubonyeza kwa kidole unarudi, si haraka, polepole, kama mtu aliye usingizini unamgusa bega. Akaandika. Akasoma alichoandika. Akakifuta.

Kumbe mwalimu wao, Shefu Pillay, ametoa amri. Hakuna kopo. Hakuna kijiko. "Kidogo" ni marufuku kabisa. Ni gramu tu, hata maji, hata mayai. Anasema vikombe vya dunia havilingani, kila jiko lina chake, lakini gramu ya hapa ndiyo gramu ya Paris.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, Uvira. Gramu nazijua — zimeandikwa kwenye pakiti ya majani ya chai. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akanibusu kichwani. Ana urefu wa baba yake, siku hizi ndiye anayenibusu kichwani.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya nchi hii. Hakuna chuo. Wanawake tumesherehekea kwa kufua.

Gaëlle ameazima mizani ya chuo mpaka mtihani uishe. Si mizani ninayoijua mimi, ya mikono miwili na mawe. Hii ni bapa kama sahani, ya kioo, namba zinawaka. Amenikataza kuweka sufuria ya moto juu yake. Amenikataza mara nyingi mno, kana kwamba mimi ni mtu wa kuweka sufuria ya moto.

Kwanza kalijaza kopo langu maji. Kaiambia mizani isahau uzito wa kopo — kuna kitufe, unabonyeza, inasahau! — halafu ikaandika 425. Akafurahi sana. Anasema maji ni rafiki, gramu zake na mililita zake ni namba moja, kwa hiyo sasa anajua tumbo la kopo langu ni kubwa kiasi gani.

Halafu sukari. Kopo lile lile: 360.

Unga ulikuwa umeisha, nilikuwa nimekanda wote alfajiri. Hakuhangaika. Katoa jedwali walilopewa chuoni, kikombe chao cha unga kina uzito gani, akapiga hesabu kwenye simu: kopo langu la unga ni gramu 240. Makopo manne, 960.

Nikamwambia hapo umekosea, mwanangu. Kopo ni moja. Litatoaje 425 na 360 na 240?

Nani akasema, "Si uzito wa kopo, Mama, ni uzito wa kilicho ndani." Nani? Spéciose! Amekaa hapo na sindano mdomoni anajifanya profesa. Gaëlle akasema ndiyo, ni sawasawa na taksi ya kwenda mjini. Kiti ni kimoja, nauli ni moja, lakini aketi Mama Adrien au aketi Mama, gari linajua tofauti.

Mama Adrien ni Spéciose. Ni mwembamba kama uzi wake. Kwa hiyo unga ni Spéciose na sukari ni mimi. Nimekubali. Mimi ni sukari, asante!

Lakini nieleweke: mtoto amepiga hesabu ile ya 425 na ya kikombe, kugawa na kuzidisha, haraka kuliko ninavyosema jina langu. Baba yake alipiga simu kutoka Diepsloot, yuko lindo huko wiki hii. Nimemweleza hesabu yote. Kaniuliza mara mbili kama kuna habari nyingine. Nikamwambia hiyo haitoshi?

Ijumaa, 11 Agosti

Mambo mabaya.

Gaëlle leo kajaribu karatasi yake chuoni, mbele ya Shefu Pillay. Kafuata namba zake mwenyewe, gramu kwa gramu, maji kama nilivyomkadiria mimi kwenye jagi. Umetoka uji. Si unga wa mandazi, uji! Ukichota unadondoka. Alipoutia mafutani ukatandaa kama chapati ya maji, ukanywa mafuta yote. Shefu kaonja kipande, kakiweka chini, kamwambia: Gaëlle, ningependa kula chakula cha mama yako, lakini karatasi hii haimjui mama yako.

Mtoto kaingia nyumbani bila kuvua koti. Kakaa. Nikampa chai, haijanywewa.

Kaniuliza kama nimemficha kitu. Mimi! Kwamba labda kuna kitu naongeza na sikumwambia. Anasema wanawake wengi hufanya hivyo, huondoa kitu kimoja ili wengine wasiweze. Nikamwambia Gaëlle, mimi nikufiche wewe?

Nikakasirika. Yeye pia akakasirika. Spéciose kapita na sufuria yake ya maharage, kasema tu kwamba mkono haupimwi kwa mizani, na akafunga mlango.

Na nitaandika ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu: nilifurahi kidogo. Dakika moja. Kwamba bila mimi hayatoki. Halafu nikamwona mtoto anavitazama vidole vyake, furaha yote ikaniisha.

Kesho nitakanda yeye akiwa amesimama hapo hapo. Kila siku nikikanda yeye amelala, na akiamka mimi nimeshaanza kukaanga. Miaka yote hii amekaanga, ameuza, amekula. Kukanda hajawahi kuniona vizuri.

Jumamosi, 12 Agosti

Tumelipata kosa! Tumelipata na limenichekesha na limeniudhi, yote mawili.

Nimenunua mfuko mpya wa unga kwa Burhani, Mtanzania mwenye spaza, kiduka cha kona. Jiko tumeliwasha mapema chumba kipate joto. Gaëlle kaweka mizani, kaweka karatasi, kaninyooshea mkono: haya, Mama, fanya kama kila siku, nisahau kabisa.

Nikamsahau. Nikachota kopo la kwanza. Likajaa, likapata mlima wake, nikaligonga ubavuni kidogo mlima ukae. Nikataka kumimina. Akasema ngoja. Akachukua kisu, akaupitisha mgongo wa kisu juu ya kopo — na mlima wote ukaanguka mezani!

Nilimpiga mkono. Sikufikiri, mkono ulienda wenyewe.

"Unanipangusia kopo? Jikoni kwangu?"

Akanitazama. "Mama, kopo si limejaa?"

"Limejaa nini? Umelikata kichwa!"

Akasimama na kisu chake. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia hatua mlangoni. Akaniuliza taratibu sana, kama unavyomuuliza mgonjwa: Mama, makopo manne uliyoniambia, yote manne yana mlima?

Sasa hilo ni swali gani? Kopo lina mlima! Mama yangu aliuza unga wa muhogo sokoni Uvira, na mimi nilikaa chini ya meza yake tangu sijajua kutembea. Mnunuzi haangalii kopo, anaangalia mlima. Muuzaji anayepangusa kwa kiganja, humrudii, na utamsema kwa shangazi zako wote. Mlima hauombwi na hauhesabiwi. Mtu akisema kopo, mlima umo. Nani atasema "kopo na mlima"? Ni kama kusema mtu na kichwa chake.

Nilimwambia yote haya. Gaëlle akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, unga kwenye nywele.

"Lakini Mama, hapa muuzaji ni wewe na mnunuzi ni wewe. Unajiongezea nini?"

Ni kweli. Miaka yote niko peke yangu hapa alfajiri, hakuna mtu, na najipimia kwa heshima kama mteja. Nikacheka na mimi. Spéciose kaja mlangoni, futi yake shingoni, kuuliza nani kafa. Alipoelezwa hakuona kichekesho. Akasema hata yeye anajaza, hata chumvi anajaza, sasa nyinyi mlitaka mtu ajipunje mwenyewe?

Basi tukapima milima. Kopo la kwanza 312. La pili 351. La tatu 327. La nne 330.

Hapo ndipo niliudhika. Gaëlle kasema, unaona, Mama, hayalingani. Nikamwambia la kwanza nilikuwa na hasira bado. La pili nikalipa deni la la kwanza. Akasema sawa, lakini mandazi hayajui sababu, ndiyo maana kuna siku yanatoka magumu. Nikauliza nani amesema kuna siku yanatoka magumu? Gaëlle kainamia karatasi yake. Nikamgeukia Spéciose. Spéciose alikuwa anatazama dari, anaitazama kwa makini, kana kwamba anataka kuinunua.

Bon. Kwa hiyo kuna siku. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Jumla yake ni 1320. Yeye alikuwa ameandika 960. Yaani milima yangu minne peke yake ni gramu 360, kopo zima na nusu la kupangusa! Lilikuwa halionekani, nalimwaga kila siku na silijui. Ndiyo maana alipata uji.

Sukari nayo tukaipima upya, na mlima wake. Halafu maji. Hapa nitamsifu mtoto na nitasimama nimsifu. Hakuniambia nipime maji. Kapima jagi likiwa limejaa, kaniachia nimimine mpaka unga ukaitika, halafu kapima jagi lililobaki. Akatoa moja kwa nyingine: 700. Mimi nilifanya kama ninavyofanya, yeye akapata namba yake, hatukugombana. Akili gani hiyo! Huyo, kichwa hakukiokota njiani.

Kungumanga ndiyo ilitushinda kwanza. Nikafinya kidogo kwa vidole vitatu, nikaweka kwenye mizani. Mizani ikasema sifuri. Sifuri! Nikamwambia mashine yako haina pua. Akasema finya mara kumi, Mama. Nikafinya mara kumi kwenye karatasi, tukapata gramu tatu, akagawa kwa kumi. Sasa najua. Kidogo changu ni sehemu tatu za kumi za gramu, na ninaweka vidogo viwili.

Amenionyesha karatasi mpya. Juu kabisa kaandika jina la mandazi, chini yake namba zimesimama kama wanajeshi. Nimeisoma yote. Ni mimi yule. Ni mimi, lakini nimepangwa.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani nimesimulia habari ya mlima. Wanawake wamecheka, na kila mmoja, nawaapia, anajaza. Mama mmoja wa Bukavu kasema mumewe alimnunulia vikombe vya plastiki vya kupimia vyenye mistari, na yeye anajaza mpaka juu ya mstari, maana mstari ni choyo.

Halafu wakaanza: tunaomba hiyo karatasi. Mmoja, wa pili, wa tatu.

Nikasema nitaona.

Njiani Spéciose kanishika mkono tukingoja robot, taa ya barabarani, iwake kijani. Alisema kwa upole, si kwa miiba yake. Alisema leo ni mtihani, kesho ni hotelini, keshokutwa kila kona ya Bellevue wanakaanga mandazi yako, na wewe utauza nini? Kasema yeye akikata gauni, mtindo hauachi mezani.

Nimekaa hapa nafikiri. Jina langu hapa mjini ni mandazi. Watu hawajui naitwa Hélène. Wanasema yule mama wa mandazi. Na sasa mtu yeyote mwenye kile kisahani cha kioo atakuwa mama wa mandazi?

Gaëlle anaimba bafuni. Simwambii.

Jumanne, 15 Agosti

Leo mtoto kafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Kachukua karatasi, mizani, unga — kampa Spéciose.

Lazima ijulikane Spéciose ni nani kwenye mandazi. Mandazi yake ya Krismasi mwaka jana, mwanaye Adrien aliyagonga mezani kama mtu anabisha hodi. Gaëlle kamwambia Mama Adrien, hebu nisaidie, usifikiri, soma tu. Spéciose kasema yeye hajawahi kufanya kitu bila kufikiri. Lakini kavaa kitenge kiunoni, kaanza.

Gaëlle kasimama mikono nyuma, kama mtihani wenyewe. Mimi nimeamriwa kutoka nje. Nikatoka. Nikasimama dirishani.

Spéciose alipima akinung'unika. Alifika 1320 na mkono wake bado unataka kuongeza, nilimwona! Kijiko kilisimama hewani. Gaëlle hakusema kitu. Kijiko kikarudi kwenye mfuko wa unga. Alipofika kwenye kukanda, unga ukamnata, akalalamika kwa Kirundi muda mrefu. Hatimaye kafunika, tukangoja, akakaanga.

Nikaitwa ndani.

Sahani ilikuwa imejaa. La kwanza nililivunja kuona ndani. Matundu yake, mepesi, rangi yake. Nikala. Nikala la pili nikitafuta kasoro. Sikuipata.

Ni yangu. Yametoka mkononi mwa Spéciose, na ni yangu kabisa, na labda — naandika hivi kwa herufi ndogo — ni bora kuliko yangu ya Jumatatu.

Spéciose hashikiki. Kabeba sahani chumba kwa chumba, nyumba nzima, anawaambia ni yake. Wapangaji wanakula, wanasema, Mama Gaëlle leo umejitahidi. Na yeye anasema hapana, ni mimi, ni mimi! Hakuna aliyemwamini. Maskini. Kwa mara ya kwanza anasema kweli.

Nilitaka kuumia. Nilijikagua kama nimeumia. Lakini nilimtazama Gaëlle, ameegemea sinki, ameuma mdomo, anahesabu jambo kichwani. Hakugusa unga hata chembe, na mandazi yametoka. Mimi ninahitaji mikono yangu. Yeye ameweza bila mikono.

Nimemwambia karatasi ampe kila mtu. Kanisa zima. Aandike tu juu yake jina langu lile la kanisani, Hélène, herufi kubwa.

Kaniangalia. "Tayari lipo, Mama. Tangu Jumamosi."

Sikuwa nimeliona. Pale juu nilipita haraka, nikifikiri ni jina la mandazi tu.

Alhamisi, 17 Agosti

Niko chuoni. Naandika hapa hapa kwenye benchi la korido maana mikono yangu inataka kazi.

Familia tumeruhusiwa kuja kuonja, lakini jikoni haturuhusiwi. Kuna dirisha kubwa la kioo. Nimevaa kile kitenge cha bluu. Gaëlle kaniomba nisije na aproni na nisigonge kioo. Nimemwahidi aproni.

Shefu Pillay ni mwanamke mdogo wa Durban, Mhindi, kofia yake ndefu kuliko yeye. Kaja kunisalimia kwa mikono miwili. Kaniuliza kwa Kiingereza kama mandazi ni kama magwinya, yale madonge ya kukaanga ya watu wa hapa. Nikamjibu kwa Kiingereza changu: hapana, si magwinya, magwinya hayana kungumanga. Akacheka, akasema leo tutajua.

Anayepika karatasi yetu ni msichana anaitwa Nokwanda, wa Soweto, mwembamba, macho makubwa. Anaogopa kuliko mimi. Gaëlle yuko ukutani, nyuma yake, mikono nyuma. Wengine watatu wako kwenye kuta zao.

Amepima unga. Alimwaga mwingi ukapita, akautoa kwa kijiko chembe chembe mpaka akatulia. Vizuri, mwanangu. Sukari. Mayai kayapima nje ya maganda, kama karatasi inavyosema. Kungumanga! Ametumia kimizani kingine kidogo sana, kama cha sonara. Kumbe chuoni wanacho chenye pua.

Anakanda sasa. Unamnata.

Unamnata sana. Anatazama vidole. Ananyanyua mkono wote, unga unaning'inia. Namjua huyo mkono, najua anafikiri nini.

Anatazama ndoo ya unga.

Mungu wangu. Amefungua ndoo ya unga. Mkono wake umo ndani.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshafika kwenye kioo. Hapa kuna mlinzi, Papa Ruphin, mtu wa Bukavu, tuliongea kidogo wakati wa kuingia. Kaja kaniambia kwa Kiswahili, taratibu, nirudi nikae, wakiniona nimetoa ishara watamwondoa mtoto. Nimerudi. Nimekalia mkono mmoja, naandika kwa mwingine.

Nokwanda kamgeukia Gaëlle na konzi la unga. Kila mtu jikoni kasimama. Shefu pia anamtazama Gaëlle.

Gaëlle hakutikisa kichwa. Hakupepesa macho. Alitazama ukuta wa mbele kama yuko kanisani. Mtoto huyu ambaye hawezi kuniona nakata kitunguu bila kunirekebisha! Namwona kwa pembeni tu, vidole vyake huko nyuma vimebanana.

Nokwanda karudi kwenye karatasi. Anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Midomo inacheza.

Amefungua konzi. Unga umerudi kwenye ndoo. Anaendelea kukanda.

Nimekunywa maji. Papa Ruphin kaniletea.

Unga umechukua muda kuumuka. Waliweka kwenye kabati la joto. Wengine wameshamaliza, kuna mmoja wali wake umeungua, harufu imefika mpaka huku, mama yake amekaa benchi la pili ameinamisha kichwa. Nimempa mkono. Hatuna lugha moja, lakini kanishika.

Sasa mafuta yako motoni. Nokwanda anachovya ncha ya kijiko cha mbao kuona kama yamechemka. Shefu kavuta kiti karibu. Watu wawili wenye suti, nadhani ni wa hotelini, wamesimama nyuma yake.

Ametia andazi la kwanza. Limezama.

Papa Ruphin naye kaacha mlango wake, kaja kusimama karibu na mimi kwenye kioo. Kaniuliza mtoto wangu ni yupi, huyu anayekaanga?

Nimemwambia hapana. "Wangu ni yule pale ukutani. Yule asiyegusa kitu."